Kipya, Kilichoguswa na Kilichoondoka: Miaka Yangu ya Chumba cha Michoro

Nyinyi mliobaki chumba cha michoro, assalaam aleikum. Siku ile ya kuniaga mlinitaka niseme maneno, nami nikasema mawili nikaketi, kwa sababu sambusa zilikuwa zinapoa na kusimama mbele ya watu sikuzoea. Haya basi ndiyo niliyoyameza. Nimeyaandika kwa mkono wangu, mwandiko wa darasa la nne, na Zuwena ndiye aliyeyachapa. Nimemwambia herufi asahihishe, maneno asiyaguse, na akiligusa hata moja alipake rangi nilione. Ndivyo tulivyolelewa chumba kile.

Niliingia kazini kufagia. Marehemu mume wangu, Omar, alikuwa kuli bandarini hapo Wete, akasikia ofisi ya michoro ya majenzi inataka mwanamke wa usafi na chai. Nikafunga kanga zangu nikaenda. Siku ya kwanza nilisukuma mlango wa chumba cha ndani nikarudi nyuma, maana palikuwa na harufu kali ya mkojo. Nikadhani kuna mtu mzima limempata jambo mle ndani, na kwa heshima nikakaa kibarazani na fagio langu nimsubiri aimalize aibu yake. Nilikaa mpaka akatoka mzee mwembamba, miwani puani, akaniuliza mbona sisafishi. Nilivyozungukazunguka kumjibu, akafahamu. Alicheka hata akavua miwani.

"Binti, hiyo ni mashine," akaniambia. "Inakunywa amonia. Ingia, utaizoea kabla ya mwezi wa Mfungo Sita."

Huyo ndiye Mzee Shaame Khatib, mkuu wa wachoraji, na mimi kila ninapomsomea Fatiha baba yangu, naye namtia.

Nyinyi mashine ile hamkuiona, kwa hiyo niieleze. Mchoraji alichora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi nyembamba, ile inayoonyesha upande wa pili, tukiita trasing. Mchoro ule haukutoka ofisini hata mara moja. Mafundi walipelekewa nakala. Unalaza trasing juu ya karatasi yenye dawa, unaipitisha kwenye taa ya mashine, kisha ile ya dawa unaipitisha kwenye mvuke wa amonia, na mistari inatokea ya buluu, taratibu, kama mtu anayeamka. Ukienda mbio, inatoka giza. Ukichelewa, inatoka nyeupe na wino umeupoteza. Wakati wa masika karatasi zilinyonya unyevu zikagandana, ikabidi nizifunge kwenye madebe ya biskuti na mkaa chini. Mkaa ule ulikuwa fikra yangu, naona niseme, kwa sababu Ali Hamad wa Kojani, mwenzetu wa ofisini, aliishi akidai ni yake.

Nilianza kuigusa mashine kwa sababu Bakar Saleh, aliyekuwa akiichapishia, alikuwa na pumu na harufu ile ikimkaba. Mzee Shaame akaniuliza kama macho yangu mazima. Nikasema mazima. Akaniuliza kama naogopa kuuliza. Nikasema naogopa. Akasema hilo ndilo tutakaloanza nalo.

Wachoraji wa zamani walikuwa wakikosea kama nyinyi, ila walikosea kwa mkono. Mstari ukikaa pabaya, unakwanguliwa kwa wembe. Mzee Shaame alikuwa na wembe wake mfuko wa shati, kaufunga kwenye kipande cha khaki, na alipomaliza kukwangua alipasugua kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Pale palipokwanguliwa palibaki kovu. Ukiulaza mchoro juu ya ile meza ya kioo yenye taa chini, makovu yote yanajitokeza. Mimi nikafika mahali pa kuyajua kwa kidole, bila taa. Ukuta uliosogea, mlango uliozibwa, dirisha lililoongezwa, vyote viliacha alama kwenye ngozi ya karatasi.

Lakini Mzee Shaame hakuridhika na makovu. Aliwahi kuona mwanzoni mwa kazi yake nyumba ya ghorofa ambayo mafundi wa chini walipewa mchoro mpya usio na ngazi ya nje, na wa juu wakabaki na wa zamani. Ukatengenezwa mlango mzuri wa mvule, juu huko, wa kutokea hewani. Mwenye nyumba aliupigilia misumari siku aliyomkuta mama mkwe wake kaushika kitasa. Tangu hapo mzee akaweka sheria. Kabla ya mchoro kuchapwa, aliyeushika anasimama mbele ya mashine na kuusoma kwa sauti: kipi kipya, kipi kimeguswa, kipi kimeondoka. Anayechapa, yaani mimi, anashika penseli tatu. Kipya nakipaka nyekundu kwenye nakala, kilichoguswa kijani, kilichoondoka njano. Kisha mchoraji anazungushia wingu, ule mstari wa mawimbimawimbi, ili fundi ajue pa kutazama kwanza. Hakuna aliyesamehewa kusoma. Rashid Juma alikuwa na kigugumizi, na siku nyingine alichukua muda mrefu kutoa kidirisha kimoja cha choo, nasi tulimsubiri. Mzee alisema aliyeharakisha ndiye asiyesubiriwa.

Kwa hiyo mimi, mtu wa chai, kila kitu kilichobadilika katika michoro ya ofisi ile kilipita masikioni mwangu kabla hakijapita kwenye mashine. Shule niliyoikosa, nyingi niliipata hapo, nimesimama.

Kisha zikaja kompyuta. Tulizifunika vitambaa vya kudarizi, kila moja na chake, na kwa muda mrefu kazi yangu kubwa kwazo ilikuwa kuvifua. Injinia Salim ndiye aliyezileta, wakati huo kijana, katoka masomoni. Mzee Shaame alikuwa amebakisha kidogo kustaafu, lakini hakukataa kujifunza. Injinia akamkalisha, akamwonyesha jinsi ya kuchora mstari, kisha jinsi ya kuufuta. Mzee akafuta. Akapitisha kidole juu ya kioo, mahali ulipokuwa mstari, akipapasa.

"Time," akaniita, "limekwenda wapi kovu?"

Nikamwambia sioni kitu.

"Basi ndiyo halipo," akasema, akainuka. "Kazi yenu itakuwa ngumu kuliko yangu. Sheria musiiache."

Aliondoka na wembe wake. Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Maneno yake yalikuwa kweli. Ikaja plota, mashine ya kuchapa michoro kutoka kompyuta, badala ya ile ya amonia, kifua changu kikashukuru, na nikafundishwa kutia karatasi, kubadili wino na kufungua faili. Lakini faili halikuonyesha lilipoguswa. Mtu alilichukua kwa flashi akaenda nalo nyumbani, mwenzake akabaki na jingine ofisini, yote mawili yakarudi yamebadilika, na hakuna ajuaye lipi limemeza lipi. Majina yake mnayakumbuka. Kulikuwa na "mwisho", na "mwisho kabisa", na "mwisho wa kweli", na moja la mchoraji Mbarouk lililoitwa "mwisho inshaallah". Hilo la Mbarouk ndilo lililosema ukweli. Wachoraji waliendelea kusoma mbele yangu, lakini walisoma walichokikumbuka, na mtu aliyekaa na mchoro wiki nzima hakumbuki vyote.

Hapo ndipo alipokuja Zuwena Faki. Kwao kisiwa cha Fundo, na Jumatatu alikuwa akivuka kwa mashua akifika ofisini na ncha ya baibui imerowa. Siku zake za mwanzo aliniona nimeshika penseli zangu tatu mbele ya plota. Nikadhani atacheka, wengine walishacheka. Akauliza maana ya kila rangi. Nikamweleza. Akarudi kwenye meza yake, na baada ya siku chache akaniita.

Alikuwa ametengeneza leya tatu katika kila faili. Leya, kwa msomaji asiyejua, ni kama trasing nyingi zilizolazwa moja juu ya moja ndani ya kompyuta. Unaweza kuifunua moja, kuificha nyingine, au kuifunga isiguswe. Kitu kipya kinakwenda leya nyekundu, kilichoguswa kijani, kilichoondoka njano. Tena akatafuta programu ya kulinganisha. Unaipa faili la zamani na jipya, inavitazama vitu vyote, kisha inavipaka rangi yenyewe, hata vile mchoraji alivyovisahau. Kilichobaki vilevile kinakaa cheusi.

"Hizi rangi nimezitoa kwako, bibi," akaniambia. "Kaa hapa ubonyeze mwenyewe. Haiumi."

Nikabonyeza. Ulikuwa mchoro wa soko la samaki la Tumbe. Vikatokea vidoa viwili vyekundu na kimoja cha kijani, na hicho cha kijani kilikuwa mfereji ambao Mbarouk aliapa hajaugusa. Mbarouk akaja, akatazama, akasema labda kauegemea. Tangu hapo aliyesahau kusoma tulimwuliza kama kaegemea.

Nataka mjue jinsi ninavyomshukuru binti yule. Angeweza kuja na programu yake akaniweka kando na fagio. Badala yake akanifundisha kuilinganisha kila faili kabla ya kuchapa, halafu mchoraji asome, nami nitazame kama mdomo na rangi vinakubaliana. Programu inajua kuwa kitu kimesogea, haijui kwa nini. Hilo la kwa nini lazima mtu aseme.

Sasa nije kwenye kazi ya Makangale, ambayo wengi wenu mmeisikia nusu nusu.

Kilikuwa kituo kidogo cha afya chenye wodi ya wazazi. Kina mama wa huko walikuwa wakibebwa mpaka Konde na uchungu njiani, kwa hiyo watu waliingoja wodi ile kama mvua ya kwanza. Upande wa magharibi wa kiwanja kuna kisima cha Bi Mkasi Shaibu, bibi wa makamo yangu na zaidi, na majirani zake wote wananywa hapo. Mchoro wa kwanza ulikiheshimu. Karo, yaani shimo la kupokea maji ya vyooni, liliwekwa kusini, mbali.

Mpima ardhi alikuwa ameuleta mchoro wa kiwanja umelala ubavu ili ukae vizuri kwenye karatasi, kwa hiyo kaskazini ilielekea kushoto. Kwetu Pemba kaskazini na kibla ni kitu kimoja, na ofisini petu tulizoea kibla kikae juu ya karatasi. Wazee wa kijiji wakiletewa mchoro, jambo la kwanza wanalotaka kuona ni kuwa choo hakielekei kibla wala hakikipi mgongo. Mbarouk alijua wazee wa Makangale wanakuja kuutazama, na alijua mzee hataupindishia shingo. Basi kwa nia njema kabisa akaugeuza mchoro mzima, robo ya mduara, kibla kikakaa juu. Mtu wa mahali pengine asingelihangaika.

Akaja mbele ya plota akasoma: "Nimegeuza mchoro, kibla kiko juu. Basi." Na kweli hakufanya jingine. Ila kisima kilikuwa kwenye leya ya mpima, iliyofungwa isiguswe. Jengo likageuka, njia ikageuka, karo likageuka, kisima kikabaki pale pale kwenye karatasi. Ukiutazama mchoro sasa, kisima kilionekana kimehamia kusini, ubavuni mwa karo.

Programu yenyewe ililia kwa kila kitu, maana karibu kila kitu kilikuwa kimesogea. Ilitoka karatasi yote kijani, ila kiduara kimoja cheusi cha kisima, nacho hatukukitia maanani. Tukasema sawa, si umegeuzwa? Tukachapa. Wazee wakaja, wakauliza vyoo, wakaridhika, wakanywa chai yangu.

Kisha Injinia Salim akaukagua peke yake mezani kwake. Akaona karo limekaribiana na kisima, akashtuka. Mtu mwangalifu yule. Akalihamisha karo mara moja, akaliweka magharibi, ambako kwenye karatasi palikuwa peupe, na faili akalituma kwa simu kwa Fundi Kombo, msimamizi wa Makangale, alichapishe huko Konde wasichelewe. Halikupita kwetu. Sheria ya Mzee Shaame ilikuwa ya wachoraji, na hakuna aliyewahi kumwambia injinia asimame asome.

Nakala ya ofisi ndiyo iliyokuja kwetu siku za mbele, asubuhi, ichapwe na kuwekwa. Zuwena akailinganisha na ile ya mwanzo kabisa. Karatasi karibu nzima ikawa kijani tena. Nikamwambia ni ule mgeuzo wa Mbarouk. Akasema anajua, lakini rangi ikijaa kila mahali ni sawa na kuwa hakuna rangi. Akachukua faili la mwanzo, akazifungua leya zake zote, akaligeuza robo vilevile kama alivyofanya Mbarouk, halafu akalinganisha upya. Vitu vikaanza kurudi vyeusi, ukuta kwa ukuta. Vikabaki viwili vya kijani.

"Bibi, sogea uone," akasema. "Karo limehama."

"Na hicho kingine?"

"Kisima."

"Kisima cha nani kimehama?"

"Cha Bi Mkasi."

Kisima hakihami, basi karo ndilo lililokwenda kukaa pale kilipo. Nikamwambia apige simu Makangale.

Fundi Kombo alipokea mara moja, na Zuwena akaweka sauti nje nami nisikie. Tukamwuliza kama karo limeanza kuchimbwa. Akasema limeanza, limefika kiunoni, lakini leo hachimbi mtu, Bi Mkasi kaingia shimoni.

"Kaanguka?" nikauliza.

"Kaingia mwenyewe, na mkeka wake. Kakaa. Anasema tukitaka tumfukie."

Zuwena akamwuliza kisima kiko umbali gani na shimo. Kombo akasema ndoo ya kisimani ikimwagika, maji yanaingia shimoni.

"Na ulichimba?" nikamwambia.

"Bi Time, karatasi inasema kisima kiko kusini. Kuno kijijini watu wanasema serikali itachimba kipya huko kusini, hichi cha Bi Mkasi kitafukiwa. Nimewaza ndivyo mlivyopanga. Nimempigia Injinia, simu haiiti."

Injinia alikuwa Chake mkutanoni. Alipopatikana hakuuliza mara mbili. Alitupitia kwa gari, mimi, Zuwena na Mbarouk, tukashika njia ya Konde. Zuwena aliifungua kompyuta mapajani akamweleza, huku gari linaruka mashimo. Mbarouk aliposikia kuhusu leya iliyofungwa alijikunja kitini akasema kosa ni lake. Tulikuwa tumeshaingia msitu wa Ngezi ndipo Injinia alipotoa sauti.

"Karo nimelihamisha mimi," akasema. "Nilikuwa nakikimbia kisima."

 

Tulipofika, nusu ya kijiji ilikuwa imesimama kando ya udongo mbichi, wanawake upande mmoja, vibarua upande mwingine na majembe yao chini. Bi Mkasi alikuwa ndani ya shimo kama alivyosema Kombo, juu ya mkeka, tasbihi mkononi, kanga ya kichwani imekaa sawasawa. Wajukuu zake walikuwa wamemletea uji na kikombe kimewekwa ukingoni. Injinia akachuchumaa ukingoni akamsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Kiti cha kukupa sina."

Injinia akaketi pale pale udongoni, miguu ikining'inia shimoni, na suruali yake ya mkutano. Akamwambia jina lake na kazi yake, akamwambia shimo lile limechimbwa hapo kwa sababu yeye ndiye aliyeliweka. Hakumtaja Mbarouk. Mbarouk akajitaja mwenyewe, amesimama nyuma yangu, akaeleza mambo ya kugeuza karatasi kwa ajili ya kibla na jinsi kisima kilivyobaki.

Bi Mkasi alisikiliza hata mwisho.

"Kwa hivyo choo hakielekei kibla?" akauliza.

"Hakielekei, mama."

"Hilo mmelitazama vizuri. Na kisima changu hukukiona?"

"Nilikiona," Injinia akasema. "Nilikiona mahali ambapo hakipo."

"Mie nimekikuta kwa mamangu, na mamangu kakikuta. Hakijatoka hapo. Ungeniuliza, n'ngekwambia."

Injinia akasema ni kweli, angeuliza. Akamwomba radhi, kwa sauti ya watu wote kusikia, kisha akamnyooshea mkono atoke. Bi Mkasi hakuushika.

"Kwanza nione vigingi vinang'oka," akasema. "Maneno ya karatasi nshayasikia."

Basi vikang'olewa, yeye akiwa shimoni anatazama. Zuwena akaishika kompyuta mkono mmoja, akaenda na Fundi Kombo mpaka kusini ya jengo, mahali pa mchoro wa kwanza, wakapima, kikapigwa kigingi kipya. Na Injinia, bila ya kuambiwa na mtu, akasimama ukingoni akasoma mbele ya kijiji. Akasema kilichoguswa ni karo, linarudi kusini. Kilichoondoka ni shimo hili. Kisima hakijaguswa wala hakitaguswa. Kipya hakuna. Maneno yalimtoka moja moja. Nilimkumbuka Rashid Juma na kidirisha chake, nikamsubiri amalize kama tulivyokuwa tukimsubiri Rashid.

Hapo Bi Mkasi akakunja mkeka. Mimi na mjukuu wake mkubwa tukamvuta, Mbarouk akamsukuma kwa adabu. Kombo akawaambia vibarua walifukie shimo, Bi Mkasi akawazuia.

"Shimo mshalichimba, musinifukie. Mie ntapanda migomba."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilitupa sote pumzi. Kabla hatujaondoka alitutekea maji. Tulikunywa wote, na Injinia aliomba kata ya pili.

Tangu siku hiyo mnajua wenyewe, hakuna faili linalotoka ofisini bila kupita mbele ya plota, na injinia anasoma kama mchoraji. Wengine mmeingia kazini mkaikuta desturi hiyo mkadhani imeandikwa mahali. Haijaandikwa. Ilianzia kwa Mzee Shaame na wembe wake, ikaongezwa rangi na binti wa Fundo, na ikamaliziwa na mwanamke aliyekaa shimoni. Mimi nilichofanya ni kuwapo na kushika penseli, na nimeshukuru kuwapo. Nawaomba kitu kimoja tu. Mchoro ukitoka kijani wote, msichape. Ugeuzeni mpaka ubaki na doa lake la kweli.

Wodi ilimalizika. Mchoro wa mwisho kuuchapa kabla sijastaafu ulikuwa huo wa Makangale, wa jengo kama lilivyosimama, na siku ya ufunguzi nikaubeba mwenyewe umekunjwa kwapani. Ndani wodini alikuwa keshalala mama mmoja wa Tondooni na mtoto wake wa siku ile ile, hawakungoja hotuba. Bi Mkasi alikuwa nje upande wa magharibi, anapalilia migomba yake. Nikamsalimia, nikaukunjua mchoro juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibla juu. Hajui kusoma, akaniuliza chake ni kipi. Nikamwonyesha kiduara kidogo cheusi.

Akakiwekea kidole. Akainua macho akatazama jengo, akatazama njia, akageuka akakitazama kisima chenyewe, ambako binti mmoja alikuwa anateka, kisha akarudi kwenye karatasi. Kidole hakikuwa kimetoka.

"Hapa sawa," akasema, akaniomba nimkunjie mchoro aende nao ndani kwake.